Uzi wa Kikundi na Zawadi ya Rafiki



Somo la safari hii linahusu kitu ambacho wengine wenu mnacho mikononi hata sasa mnaposomewa: sindano mbili na donge la uzi. Katika vikundi vya nyanda za juu, kule ambako mwezi wa Julai baridi huingia mpaka kwenye mifupa, ni nadra kukuta mkutano ambao hakuna mama anayefuma. Wengine walijifunza shuleni katika sayansi kimu, siku za mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na sindano zao za kwanza zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Wengine walifundishwa na mama zao jioni, kando ya jiko.

Kufuma ni jambo jema. Lakini nimeona kikundi kikikaribia kuvunjika kwa sababu ya kofia moja ya mtoto mchanga. Basi leo tujifunze kutokana na kofia hiyo.

LENGO LA SOMO

Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze:
(a) kutofautisha kazi ya zawadi, kazi ya biashara na kazi ya nyumbani;
(b) kupiga hesabu ya muda kabla ya kukubali kazi ya watu;
(c) kuutambua uzi alio nao;
(d) kufuma kofia ya mtoto mchanga.

Somo linaweza kuchukua mikutano miwili. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mnaruhusiwa kufuma mkisikiliza!

SEHEMU YA KWANZA: TUTAZAME

Majina nimeyaacha, maana wenyewe bado ni majirani. Na niseme mapema kwamba kosa la kwanza katika hadithi hii ni langu mimi.

Katika kikundi kimoja cha wamama kumi kulikuwa na mama mmoja aliyependa kufuma kuliko wote. Nitamwita Mfumaji. Kila nilipofika, kiondo chake kilikuwa na kazi tatu ambazo hazijaisha. Kulikuwa na soksi za mzee wake, mguu mmoja tayari na mwingine unangoja. Kulikuwa na mtandio wa zambarau wa jirani aliyefiwa na mama yake. Kulikuwa na kisweta cha mistari, na hiyo mistari haikuwa mapambo: uzi wa bluu ulimwishia, akaendelea na wa kijivu aliofumua kutoka kwa sweta la mitumba.

Mfumaji hakuuza hata kimoja. Akimaliza, anatoa. Rafiki yake wa karibu alipata sweta la kijana wake siku alipoanza darasa la kwanza. Rafiki naye hakulipa, lakini msimu wa palizi alifika na jembe bila kuitwa, na wakati mwingine alileta kabeji, au mabaki ya uzi wake. Hakuna aliyeandika popote. Kila mmoja alijua.

Mimi nikaja na faili langu na diploma yangu, nikaona pesa. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, wewe umekalia biashara!" Kikundi kikafurahi. Shule moja ya karibu ikakubali kuchukua sweta 40 za kijani kabla ya muhula kufunguliwa, yaani baada ya siku 30. Wamama wanane wakajitolea kufuma. Akiba ya kikundi ikatolewa, uzi ukanunuliwa, ukafungiwa kwenye kabati la mwekahazina.

Wiki ya pili vidole vya Mfumaji vilianza kuuma. Wengine walikuwa wanafuma kwa kukaza, wengine kwa kulegeza, hata sweta mbili za kipimo kimoja zikatoka moja ya mtoto wa darasa la pili na nyingine ya darasa la sita. Siku ya kufungua shule zilikuwa tayari sweta 17. Shule ilikuwa imeshanunua kwa fundi wa mashine mjini.

Mwezi huo huo binti ya Mfumaji alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mdogo sana, hakufika kilo mbili. Rafiki aliposikia hakulala. Alifuma kofia usiku kucha kwa uzi aliokuwa nao nyumbani, na uzi wenyewe ulikuwa ule wa kijani wa kikundi. Asubuhi akaipeleka hospitali.

Siku ya mkutano uzi ukahesabiwa, donge moja halikuonekana. Mmoja akasema ameiona rangi ile kichwani mwa mtoto. Mwingine akatamka neno "mwizi".

Mfumaji akasimama, akafungua kibeti chake. "Nitalipa mimi."

Rafiki akamwangalia. "Ukiilipia, dada, si zawadi yangu tena."

Kukawa kimya. Mwishowe shosho mmoja, ambaye huwa hazungumzi sana, akasema: "Kofia ilitoka moyoni mwake. Lakini uzi ulitoka kabatini mwetu. Yote mawili ni kweli."

Mkutano uliofuata haukufanyika, wala ule mwingine. Baada ya hapo rafiki aliuza mayai, akanunua donge la kijani, akaja akaliweka mezani bila kusema kitu. Mwekahazina akaandika kwenye kitabu. Kofia ikabaki kwa mtoto.

Mngedhani mambo yameisha. Lakini Mfumaji hakufuma tena karibu mwaka mzima. Nilipomwuliza alinijibu, "Mwalimu, nikishika sindano nasikia deni."

Maneno hayo sijayasahau.

SEHEMU YA PILI: TUFIKIRI

1. Hesabu ambayo hatukuipiga

Tuseme sweta moja la mtoto wa shule, kwa mkono, linachukua saa 30. Sweta 40 mara saa 30 ni saa 1,200. Gawanya kwa wamama wanane: kila mmoja ana saa 150. Mama mwenye ng'ombe, shamba na watoto akipata saa tatu kwa siku, hiyo ni siku 50 bila kupumzika hata Jumapili. Sisi tulikuwa na siku 30. Kazi ile ilishindikana siku tuliyoikubali, na mtu mwenye kipande cha penseli angeijua dakika ile ile.

Tena fundi wa mashine humaliza sweta kwa muda mfupi kuliko yule anayefuma kwa mkono. Kushindana naye kwa sweta za kufanana ni kupoteza nguvu. Kazi ya mkono ina nafasi yake pale ambapo mashine haina haja: kitu kimoja kimoja, kwa kipimo cha mtu fulani, kwa rangi aliyoichagua mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi yoyote, mama mmoja afume sweta moja na kuandika saa zake zote. Ndipo mkazidishe.

2. Si kila ujuzi lazima uwe mradi

Sisi watu wa maendeleo tuna ugonjwa mmoja: tukiona mikono ya mtu inafanya kazi tunauliza, "Hiyo inaleta shilingi ngapi?" Ni swali zuri, lakini si swali la kwanza. Kufuma kwa Mfumaji kulikuwa tayari kunaleta kitu. Kulileta palizi na kabeji. Kulimpa mfiwa mtandio wa kujifunika usiku. Na yeye mwenyewe, jioni baada ya kazi za siku, kulimpa pumziko. Nilikiita "biashara ambayo bado haijaanza", kumbe kilikuwa kitu kizima.

Sisemi vikundi visiuze. Watoto wanahitaji karo. Nasema mwenye ujuzi aulizwe kwanza, na aulizwe faraghani, si mbele ya watu ambako atashindwa kukataa.

3. Zawadi na mali ya kikundi

Rafiki hakuwa mwizi kama wezi wa kuku walivyo. Lakini mali ya wengi haitolewi zawadi na mtu mmoja, hata akiwa na nia njema. Ukitaka kutoa, toa kilicho chako. Na kama huna, sema kwa wenzako: "Mtoto amezaliwa, naomba donge moja." Katika wamama kumi sidhani kuna ambaye angekataa. Hapo kofia ingekuwa zawadi ya kikundi kizima, na kila mmoja angefurahi kuiona kichwani mwa mtoto.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

A. Vikapu vitatu

Kikundi kile kilipopatana kiliamua mambo haya, nanyi mnaweza kuyajaribu.

Kikapu cha kwanza ni cha nyumbani. Uzi ni wako, kazi ni yako, hakuna wa kukuuliza.

Kikapu cha pili ni cha biashara. Uzi unaandikwa kwa donge unapotoka na unapimwa kwa mzani kazi inaporudi. Sweta likimaliza gramu 300 na ulichukua gramu 350, zile 50 zinarudi. Bei inapangwa kabla ya kuanza: uzi, vifungo, nauli, na saa za mfumaji. Atakayeacha kuhesabu saa zake anamlipia mnunuzi kwa jasho lake.

Kikapu cha tatu ni cha zawadi. Kila mwanachama anaweka mabaki yake ya uzi, hata kipande kidogo. Mtoto akizaliwa, mtu akifiwa au akilazwa, anayetaka kufuma anachukua humo. Hakiandikwi deni. Anayechukua anasema tu kwa sauti ni ya nani.

Na neno moja lisemwe mapema kila wakati: "Hii ni zawadi," au "Hii ni ya kununua," au "Nifumie, nami nitakulimia." Ugomvi mwingi kati ya marafiki hutoka pale ambapo mmoja alidhani amepewa na mwingine alidhani ameuza.

B. Kuujua uzi wako

Uzi wa mabaki na wa mitumba huwa hauna karatasi ya kueleza ni wa aina gani. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukiguse kwa moto, mbali na watoto.

Sufu ya kondoo huungua polepole na mara nyingi huzimika ukiondoa moto. Hunuka kama nywele zilizoungua. Jivu lake husagika kwa vidole.

Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi, huacha jivu laini la kijivu.

Akriliki huyeyuka inapowaka na kuacha tone gumu jeusi. Usiliguse kabla halijapoa.

Kwa nini tujue? Sufu huhifadhi joto hata ikilowa kidogo, lakini ukiifua kwa maji moto na kuisugua itajikunja, sweta la baba liwe la mtoto. Nondo pia huipenda, basi ihifadhi ikiwa safi. Akriliki ni ya bei nafuu na hufulika kwa urahisi, lakini kwa sababu huyeyuka, ni hatari kwa mtoto anayecheza karibu na jiko, maana inaweza kunata kwenye ngozi. Pamba ni laini na haiwashi, ila haina joto kama sufu na ikilowa hukawia kukauka.

C. Kupata uzi kutoka kwa mitumba

Geuza sweta nje ndani utazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine, liache, maana uzi utatoka vipande vipande, kimoja kwa kila mstari. Kama kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa uzi tu, hilo ndilo. Fungua mishono, tenganisha mikono na kifua, kisha fumua kuanzia shingoni kuteremka. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga kata yako mahali pane isivurugike, ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo bila kusugua, uianike kivulini ukining'iniza kitu chepesi chini yake. Ile mikunjo itanyooka.

D. Kofia ya mtoto mchanga

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 kuwa wa uzito mdogo. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey alianzisha njia ya kumweka mtoto kama huyo kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mtoto wake. Mwaka 2022 Shirika hilo lilishauri njia hiyo ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mtoto huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Pia linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kwa hiyo kofia ni msaada wa kweli, lakini haichukui nafasi ya kifua cha mama wala ya hospitali.

Kwanza pima mkono wako. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, fuma kipande cha majaribio, kisha hesabu vitanzi katika sentimita 10. Tuseme ni 22. Kichwa cha mtoto mdogo kina kama sentimita 33, na kofia inafaa ivutike kidogo, basi tunafuma sentimita 29 hivi. Hiyo ni vitanzi 64. Kama wewe hupata 20 au 24, piga hesabu yako upya; hapo ndipo sweta za shule zilipotushinda.

1. Anzisha vitanzi 64.
2. Fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kurudiarudia, kwa sentimita 3. Huu ndio ukingo unaovutika.
3. Endelea na mstari mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, mpaka kofia ifike sentimita 10 tangu mwanzo.
4. Katika mstari wa mbele: fuma vitanzi sita, kisha unganisha viwili kuwa kimoja, rudia mpaka mwisho. Vinabaki 56. Rudi kwa mstari wa nyuma bila kupunguza.
5. Mstari wa mbele unaofuata, fuma vitano kisha unganisha viwili, vinabaki 48. Endelea hivyo, kila mara ukipunguza kimoja kati ya maunganisho, mpaka vibaki 8.
6. Kata uzi, upitishe katika vitanzi vyote 8, ukaze, ushone ubavu kwa mshono bapa usiomwumiza.

Tumia uzi laini, uliofuliwa. Usitie kifungo, utepe wala uzi unaoning'inia. Kofia isifunike uso. Mguse mtoto shingoni: akiwa na jasho, amepata joto la kupita kiasi, ivueni.

NENO LA MUNGU

Someni Matendo ya Mitume 9:36-43. Tabitha wa Yafa alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa hai. Tazameni jinsi wajane wale walivyomtetea rafiki yao. Hawakuhutubu, walionyesha nguo zake. Maandiko hayasemi Tabitha alipata uzi wapi, wala kama aliuza nyingine. Yanasema tu alikuwa na matendo mema mengi, na ushahidi walikuwa wameuvaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kati ya Mfumaji, rafiki yake, kikundi na mwalimu, ni nani aliyekosa? Alikosa nini hasa?
2. Mngekuwa mkutanoni siku ile, mngemwambia nini aliyetamka neno "mwizi"?
3. Kwa nini rafiki alikataa Mfumaji asilipe?
4. Katika kikundi chetu kuna mtu ambaye tumemfanya achukie kazi aliyoipenda?
5. Ni zawadi gani tumepokea ambazo hatujawahi kuzisema?

KAZI YA MWEZI

Kila mmoja alete mabaki ya uzi kwa kikapu cha tatu. Fumeni kofia tano. Mzipeleke kwenye zahanati iliyo karibu, mkimwuliza muuguzi kwanza kama zinahitajika na zifuliwe vipi.

Niliporudi kwa kikundi kile mara ya mwisho, Mfumaji alikuwa amekaa mlangoni kwa rafiki yake, wote wawili juani. Mtoto wa kofia ya kijani sasa anakimbia, na kofia ilishakuwa ndogo. Imepita kwa watoto wengine wawili. Kiondo kilikuwa na kazi tatu: soksi mguu mmoja, sweta la mjukuu, na kitu cha kijani ambacho sikukitambua. Ilikuwa uzi ule uliobaki wa sweta za shule, ambao kikundi kiliamua kuutia kwenye kikapu cha zawadi.

Nikauliza, "Hiyo ni ya nani, mama?"

Akacheka. "Mwalimu, leo usiulize bei."

Sikuuliza. Mwezi wa Julai nililetewa: kofia ya kijani, kipimo cha kichwa changu. Ninaivaa asubuhi ninapopanda kwenda kwenu.